Chachu ya Mteremkoni

Vitabu vingi vya mkate vimeandikwa na watu wenye majiko ya baridi. Vinasema chachu iachwe kwenye joto la kawaida la nyumba, na joto hilo la kawaida, kwa mwandishi anayeishi Paris au San Francisco, ni nyuzi 20 au 21 za Selsiasi. Vinasema pia iongezwe unga kila baada ya saa 12, asubuhi na jioni, na kwamba siku ya saba itakuwa tayari. Msomaji wa Rwimbogo akifuata maelekezo hayo neno kwa neno, siku si nyingi ana uji mkali unaonuka siki, na anaamini mkono wake hauna baraka.

Mkono hauna kosa. Rwimbogo ni tarafa ya wilaya ya Rusizi, sehemu ambayo wengi bado wanaiita Cyangugu, na nchi yake ni ya mteremko. Barabara ya kutoka Kamembe, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, inashuka kupitia Mushaka hadi uwanda wa Bugarama wenye mashamba ya mpunga. Huko chini, ukingoni mwa mto Rusizi, ndiko Rwanda inakofikia kimo chake cha chini kabisa, kama mita 950. Kwa kawaida hewa hupata joto kiasi cha nyuzi 6 kila unaposhuka mita 1,000. Chachu moja ikigawanywa, nusu ikabaki kwa shangazi Kamembe na nusu ikashuka na mpwa wake hadi Bugarama, haitakuwa na ratiba moja hata kwa wiki. Ya juu itachukua muda mrefu wa mchana kuumuka. Ya chini itakuwa imepanda na kubonyea kabla mwenyewe hajarudi kutoka shambani.

Ndiyo maana katika sura hii sitatoa ratiba ya saa. Nitaeleza joto, kipimo na dalili, na kila mtu ataipanga siku yake kulingana na kimo cha nyumba yake.

Kwanza, hata hivyo, tuondoe dhana kwamba chachu ni mgeni Rusizi. Anayepika ikigage, pombe ya mtama, hulowesha nafaka, huiotesha, huikausha na kuisaga, huipika, halafu ikishapoa hutia umusemburo. Umusemburo ni chachu kwa kila kipimo utakachotumia: kiasi kidogo cha kitu kilichochacha, kinachohifadhiwa ili kukichachusha kingine. Mwaka 2010 François Lyumugabe na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa ikigage. Ndani yake walikuta Saccharomyces cerevisiae, hamira ya jamii ileile inayouzwa kwenye pakiti, pamoja na bakteria wanaozalisha asidi ya maziwa, akiwemo Lactobacillus fermentum. Ukimpa mwokaji wa Ufaransa orodha hiyo bila kumwambia imetoka wapi, atadhani unamsomea habari za chupa yake mwenyewe ya chachu. Katika utengenezaji wa umusemburo hutumika pia umubirizi, mti wa majani machungu ambao Waganda wanauita omululuza.

Kisha kuna urwagwa. Ndizi huivishwa shimoni, hukamuliwa pamoja na nyasi, maji yake matamu huchujwa, halafu hutiwa unga wa mtama uliokaangwa na kufunikwa yachache. Nafaka ndani ya maji ya tunda. Plinius, mwandishi Mrumi aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, ameandika habari inayokaribiana na hiyo. Anasema watu wa nchi yake walikanda uwele kwa maji ya zabibu yaliyokamuliwa punde, wakapata chachu ya mkate iliyokaa mwaka mzima. Anasema pia kwamba watu wa Galia na Hispania walitumia povu la pombe yao ya nafaka kuumulia mkate, na mkate wao ukawa mwepesi kuliko wa wengine. Kwa karne nyingi, mahali pengi duniani, mpika pombe na mwoka mkate walichota mtungi mmoja. Hamira ya kiwandani ndiyo iliyowatenganisha, na hiyo ni habari ya karne ya 19.

Kwa hiyo aliye na jirani anayepika ikigage ana njia ya mkato. Aombe kijiko cha mashapo ya pombe changa ambayo haijageuka siki, ayachanganye na unga wa ngano na maji, na huenda siku ya pili akaona mapovu ya kweli. Najua lakini kwamba Bugarama ina Waislamu wengi, na si kila nyumba itaipenda chachu iliyotoka kwenye mtungi wa pombe. Njia ya unga na maji peke yake inafika palepale, ila inachelewa siku chache.

Katika chupa ya chachu kuna makundi mawili yanayokula chungu kimoja. Hamira inakula sukari ya unga na kutoa hewa inayoumua mkate. Bakteria wanakula sukari hiyohiyo na kutoa asidi, ile ya maziwa na kidogo ya siki. Asidi inawafukuza wadudu wabaya, inaupa mkate ladha, na inauchelewesha kuota ukungu. Makundi haya hayapendi joto moja. Chachu ya San Francisco imechunguzwa kuliko karibu zote tangu Leo Kline na T. F. Sugihara walipoeleza wakazi wake mwaka 1971. Hamira yake hustawi zaidi kwenye nyuzi kama 27, na ikikaribia 35 inaacha kukua. Bakteria wake hustawi kwenye nyuzi 32 au 33.

Maana yake kwa mtu wa bondeni ni kubwa. Mchana wa Bugarama, ndani ya chumba chenye bati lisilo na dari, joto linafika mahali ambapo bakteria wanakimbia na hamira inachechemea. Chachu inakuwa kali upesi bila kuwa na nguvu ya kuumua. Ukikandia unga wako, asidi ile inaulegeza utando wa gluteni unaoshika hewa, na kinyunga ulichokiacha kigumu unakikuta kimetanuka kama uji. Wengi hapo huongeza chachu zaidi, wakidhani imepungukiwa nguvu. Dawa iko upande wa pili: punguza mbegu, yaani chachu unayotia, ongeza unga mpya, tafuta pahali pa baridi zaidi.

Tuanze basi tangu mwanzo. Ngano hailimwi katika uwanda huu, kwa hiyo unga ni wa mfuko. Kwa siku za kwanza tafuta wa ngano isiyokobolewa, kwa sababu viumbe tunaowataka wanakaa zaidi kwenye pumba. Ukiukosa, changanya nusu unga mweupe wa ngano na nusu unga wa mtama uliosagwa karibuni. Mtama hauna gluteni, hivyo hautashika hewa wala kupanda vizuri wenyewe, ila kama chakula cha kuanzishia sijui kilicho bora kuliko huo. Pima gramu 50 za unga na gramu 50 za maji. Maji ya bomba yenye klorini yachemshe uyapoze, au yaache wazi usiku mzima. Koroga ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, funika kwa kitambaa au kifuniko kisichokazwa, weka mbali na jua.

Kesho yake, au keshokutwa kama uko Kamembe, utaona mapovu mengi na utasikia harufu mbaya. Usifurahi mapema. Hiyo ni kazi ya bakteria wa mwanzo wanaovamia unga wowote ulioloweshwa, na si hamira. Bakisha nusu, ongeza gramu 50 za unga na 50 za maji. Kisha inakuja siku moja au mbili za ukimya, hakuna povu, hakuna kupanda, na hapa ndipo chachu nyingi zinapomwagwa. Kumbe ndani asidi inaongezeka, wale wavamizi wanakufa, na hamira inayostahimili uchachu inaanza kujenga idadi. Endelea kila siku kubakisha nusu na kuongeza unga na maji. Harufu itageuka kuwa ya tunda lililoiva, halafu ya mtindi. Siku itakapopanda mara mbili ya kimo chake ndani ya saa chache, na ikarudia hivyo kesho yake, unayo chachu.

Jambo moja nalisema kwa ukali kidogo. Unga ulioota ukungu hausafishwi na chachu. Sumu ya aflatoksini, inayotokana na kuvu wa nafaka iliyohifadhiwa na unyevu, huwezi kutegemea asidi wala moto wa mkate uiondoe. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mtama au mahindi yanayonuka uvundo hayafai kwa uji, hayafai kwa pombe, na hayafai kwa chupa yako. Vilevile chachu yenyewe ikipata mistari ya rangi ya waridi au ya chungwa, au manyoya ya ukungu juu, mwaga yote na uoshe chupa kwa maji ya moto. Maji ya kijivu yanayotuama juu ni kitu kingine: hayo ni njaa tu. Yamwage au yakoroge ndani, kisha ongeza unga.

Sasa utunzaji wa kila siku. Vitabu vya nchi za baridi hupenda moja kwa moja kwa moja: sehemu moja ya chachu, moja ya unga, moja ya maji, kwa uzito. Juu Kamembe kipimo hicho kinafanya kazi. Bondeni, kwenye nyuzi 28, chachu ya kipimo hicho itafika kileleni kwa saa tatu au nne, kisha itashinda njaa mchana wote. Huko chini tumia moja kwa tano kwa tano, na siku za joto kali hata moja kwa kumi kwa kumi. Rwimbogo, iliyo katikati, itaangukia mahali fulani baina ya hizo. Funga mpira mwembamba kwenye chupa pale chachu ilipoanzia, uone ilipofika. Ikiwa juu na uso wake umevimba, bado inapanda. Uso ukibonyea katikati, imeanza kushuka, na huo ndio wakati wa kuiongezea unga. Harufu ikifika ya rangi ya kucha, umechelewa sana, ingawa haijafa.

Kuna kile kipimo maarufu cha kudondosha kijiko cha chachu ndani ya glasi ya maji uone kama kitaelea. Mimi sikiamini. Chachu nzito huzama ikiwa na afya tele, na yenye mtama huzama karibu kila mara.

Wala usiweke chachu nyingi. Picha za mitandaoni za chupa kubwa iliyojaa hadi shingoni ni za watu wasiohesabu bei ya unga. Gramu 5 za mbegu, 25 za unga na 25 za maji zinatosha kabisa kuihifadhi. Ukiongeza unga mara moja kwa siku, kilo moja inakufikisha siku 40. Siku moja kabla ya kuoka ndipo unapoiongeza.

Mwenye friji shida yake ni ndogo: kwenye nyuzi 4 chachu inalala, na kuiongezea unga mara moja kwa wiki kunatosha. Asiye na friji aifanye ngumu. Kwa gramu 100 za unga tia maji gramu 50, kanda donge gumu, liviringe kwenye unga mkavu, lifunge ndani ya kitambaa. Waoka mikate wa kaskazini mwa Italia wanaitunza hivyo chachu ya mikate yao ya sikukuu, imefungwa kitambaani na kukazwa kwa kamba. Maji yakipungua, mambo yote yanaenda polepole. Chumvi nayo inazuia, na gramu 1 au 2 kwa kila 100 za unga zinakununulia nusu siku ya utulivu.

Pia kuna mtungi. Mohammed Bah Abba, mwalimu wa Nigeria, alipata Tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kueneza mtungi ndani ya mtungi: kati yake mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Maji yanapokauka yanachukua joto la ndani. Kifaa hiki kinategemea hewa kavu, kwa hiyo Rusizi kitakufaa zaidi kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi cha impeshyi. Masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, kinapoza kidogo sana, na donge gumu ndilo tegemeo.

Watu huniuliza kama chachu iliyoletwa kutoka Ulaya ni bora, au kama ya miaka 100 ina kitu ambacho ya wiki mbili haina. Ubelgiji, katika mji wa St. Vith, kampuni ya Puratos ina maktaba ya chachu iliyofunguliwa mwaka 2013, na chupa zimepangwa kwenye friji kama vitabu vya thamani. Ni mahali pa kupendeza. Lakini mwaka 2021 watafiti walichapisha uchunguzi wa chachu 500 za mabara manne, na kilichoonekana ni kwamba mahali zilikotoka kunaeleza kidogo sana tofauti zao. Kabla ya hapo waokaji 15 wa nchi mbalimbali walikuwa wamepewa unga wa aina moja, kila mmoja akaanzisha chachu yake, kisha wakakutana St. Vith. Mikono yao ilipochunguzwa ilikutwa imejaa bakteria wa chachu kuliko mikono ya watu wa kawaida. Mtu anailea chachu, nayo inahamia kwake. Kwa hiyo asiye na jamaa wa kumletea chupa kutoka Brussels asijione amekosa kitu.

Kinachobaki kila siku usikitupe. Chachu ya ziada iliyokorogwa na yai, chumvi na maji kidogo inatoa chapati za maji nzuri kuliko za unga mtupu. Kijiko kimoja ndani ya unga wa mtama ulioloweshwa jioni kinakupa uji mchachu asubuhi. Hilo la mwisho lina faida ya lishe: uchachu unaamsha vimeng'enya vinavyovunja fitati, kemikali ya pumba inayofunga madini ya chuma na zinki, na mwili unayapata kwa urahisi zaidi.

Kuhusu mkate wenyewe nitasema kwa kifupi, kwa kuwa una sura yake mbele. Gramu 500 za unga, 325 za maji, 10 za chumvi. Chachu iliyo kileleni, gramu 100 kwa nyumba ya juu, 50 kwa nyumba ya bondeni, na huku bondeni tumia maji ya mtungini yaliyo baridi. Kanda, acha mpaka kinyunga kiongezeke kwa nusu au zaidi kidogo, kiumbe, kiache tena. Oveni si lazima. Sufuria nzito iliyopakwa mafuta, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, inaoka vizuri kwa dakika 40 hadi 50. Usishangae kipimajoto kikigoma kuvuka nyuzi 94 au 95 katikati ya mkate ukiwa Kamembe, kwani maji yenyewe huko huchemka karibu na hapo. Gonga kitako cha mkate usikie kama kuna uwazi ndani.

Hamira ya pakiti sikulaani. Ukitaka mandazi ya saa moja asubuhi kwa ajili ya kuuza, pakiti ndiyo kazi yake, na atakayekuambia uchachushe mandazi siku mbili hajawahi kuwa na wateja wanaosubiri. Chachu ni ya mkate unaotaka ukae siku kadhaa bila ukungu, na ya mtu anayekuwapo nyumbani.

Siku ukisafiri, ikaushe. Chukua chachu iliyo kileleni, ipake nyembamba juu ya karatasi ya kuokea, iache kivulini penye upepo mpaka ivunjike kwa vidole, isage, itie kwenye chupa kavu. Itakaa miezi mingi. Ndiyo namna bora pia ya kuigawa, na katika wilaya ambayo watu wake wengi huvuka mpaka wa Rusizi I na Rusizi II kwenda Congo na kurudi siku hiyohiyo, kijiko cha chachu kavu ndani ya karatasi ni mzigo mwepesi. Mpokeaji ailoweshe kwa maji vuguvugu, aongeze unga uzito sawa, arudie siku mbili tatu mpaka ipande. Akiwa Bukavu, iliyo juu kama Kamembe, aendelee na moja kwa moja kwa moja. Akiwa Kamanyola, ng'ambo ya Bugarama, aanze mapema na moja kwa tano kwa tano.